Sahihisho la Bi Kadi

Ndugu waombolezaji, majirani, watumishi wa maktaba ya chuo wa zamani na wa sasa, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, familia imemteua mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa kwao, fundi cherehani mstaafu ambaye hajasoma kitu kirefu mbele za watu tangu aache shule, awasomee historia hii, naye anaomba mapema kwamba sauti ikikatika mumngoje kidogo, kwa sababu historia yenyewe ni ndefu kuliko mlizozoea, na ina sehemu moja ambayo marehemu mwenyewe ameagiza isirukwe.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtaa wa maseremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi cherehani na mama aliyefua mashuka ya hospitali, na kabla hajajua kusoma alikwisha kuchukua mamlaka ya kopo la vifungo la baba, akavipanga kwa ukubwa, kwa rangi na kwa idadi ya matundu, kila fungu na kikaratasi chake cha alama, hata ikawa baba mwenye cherehani akitaka kifungo cheusi cha matundu manne sharti amwombe mtoto wa miaka sita, na akikichukua kimyakimya anaulizwa. Kwa hiyo ulipofika wakati wa watu kushangaa kwamba binti wa fundi amekwenda kufanya kazi maktaba, sisi wa nyumbani hatukushangaa hata kidogo.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 na kumaliza 1964, akaendelea na sekondari hadi 1968, akatoka wa pili katika darasa la wanafunzi thelathini na wanane, na mpaka anazeeka alikuwa akisema yeye ni wa pili kwa sababu wa kwanza alikuwa amekaa nyuma yake na ana shingo ndefu. Mwaka 1969 na 1970 alipiga chapa barua katika ofisi ya shule ileile iliyomfundisha, kisha akachaguliwa kusomea ukutubi, akatunukiwa cheti tarehe 24 Novemba 1972, cheti ambacho mama yetu alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe.

Jumatatu tarehe 3 Septemba 1973 aliripoti kazini katika maktaba ya chuo, sehemu ya kuorodhesha vitabu, na hapo ndipo alipokaa kwa miaka thelathini na saba na ushei. Wale msiojua kazi hiyo, kila kitabu kilichoingia kilipita mezani kwake, akakipigia chapa kadi tatu, moja ya jina la mwandishi, moja ya jina la kitabu na moja ya somo, kisha akashika kalamu ya chuma na wino mweupe, akaandika namba mgongoni mwa kitabu, na namba ile ndiyo anwani yake, kitabu kikiandikwa anwani ya uongo hakuna atakayekiona tena hata kama kimesimama mbele ya macho yake. Aliandika namba kwa mwandiko ambao watu walikuja kuutazama, hasa nane zake, duara mbili zilizokaribiana bila kugusana, na kwa ajili ya zile droo za kadi alizozilinda kuliko mkoba wake, chuo kizima kikamwita Bi Kadi, na jina hilo ndilo hata baadhi ya wanawe walilijua kabla ya jina lake halisi.

Mwaka 1979 mkutubi mkuu wa wakati ule alimkabidhi kazi nyingine juu ya hiyo, ya kuandika karatasi ya kila mwezi ya habari za wafanyakazi, kurasa mbili za kupigwa chapa kwenye stensili, nani amepanda cheo, nani amejifungua, tawi la utabibu limepata rafu mpya, paa la chumba cha magazeti linavuja tena, mashine ya kunakili imefika lakini fundi wake hajafika, na watu waliisoma karatasi ile kabla hawajasoma barua zao wenyewe, kwa sababu Bi Kadi alikuwa na sheria moja, kwamba kikitoka kosa katika toleo hili, toleo lijalo litabeba sahihisho ukurasa wa kwanza, juu kabisa, hata kama kosa lenyewe ni kuandika kwamba mtoto ni wa kiume kumbe ni wa kike. Watumishi wa zamani mliopo hapa mnalikumbuka neno hilo, Sahihisho, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.

Katika maktaba hiyohiyo alikutana na mume wake, fundi umeme wa chuo, aliyetumwa kurekebisha taa za chumba cha kusomea, kazi ya siku mbili ambayo yeye aliifanya wiki tatu, huku taa moja iliyo juu ya meza ya marehemu ikiharibika kila asubuhi kwa namna isiyoeleweka, nao walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba 1976. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa 1978, ambaye ni muuguzi, wa pili mvulana aliyezaliwa 1981, mwalimu wa hesabu, na wa tatu binti aliyezaliwa 1986, mpima ardhi, aliyefika jana kwa safari ya siku mbili. Mwaka 1985 walijenga nyumba hii mliyoketi uani kwake, ng'ambo tu ya barabara ya chuo, na ukisimama barazani unaliona jengo la maktaba lote, hata madirisha ya ghorofa ya tatu unaweza kuyahesabu. Mume wake alitangulia tarehe 6 Februari 2009.

Mpaka hapo historia hii ingeweza kwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa, na mwanawe wa kiume aliomba sana iende hivyo. Lakini kuhusu kazi yake tumesema nusu tu.

Pale dawati la kuazimia palikuwa na mwenzake ambaye maktaba nzima ilimwita Kidole, mtu mpole, mrefu, wa shati lililopigwa pasi kila siku ya Mungu, naye aliitwa hivyo kwa sababu alipokagua rafu, kazi ambayo wenyewe huiita kusoma rafu, hakutegemea macho peke yake, alipitisha kidole cha shahada juu ya migongo ya vitabu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kidole kikitoa mlio mdogo mkavu, na kikifika kwenye kitabu kilichokaa vibaya kilisimama, na watu walitania kwamba kidole kile kimesoma kuliko maprofesa. Yeye na marehemu walikunywa chai ya chupa moja kwa miaka kumi na mitano, alimwita marehemu Dada Kadi, na binti yetu muuguzi alipozaliwa, mtu wa kwanza asiye ndugu kumpakata alikuwa Kaka Kidole.

Alhamisi tarehe 12 Mei 1988, kitabu cha mimea ya dawa, chenye picha za rangi, nakala pekee maktabani, kilirudi kutoka kwa mjalidi kikiwa na jalada jipya lisilo na namba, Kidole akakipokea na kutia sahihi katika daftari lake, akakipeleka mezani kwa Bi Kadi kiandikwe, na Bi Kadi akaandika mgongoni mwake 851 badala ya 581. Makosa ya namna hiyo hutokea, na mara nyingi hukamatwa siku ileile, ila rafu ya 851 ilikuwa ghorofa ya tatu, pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, kwenye mashairi ya lugha ambayo chuoni hapakuwa na mtu wa kuifundisha wala wa kuisoma, na kitabu kikafika huko, kikasimama, kikanyamaza.

Mwezi Novemba ulipofanyika ukaguzi, kitabu hakikuonekana, na sahihi ya mwisho katika daftari ilikuwa ya Kidole. Aliitwa mbele ya kamati, akasema maneno mafupi, "Kitabu hakijatoka humu ndani, nipeni muda niisome maktaba nzima, nitawaletea," wakamwona anatafuta upenyo. Bi Kadi naye aliitwa, akaulizwa kama inawezekana kitabu kimepotelea mezani kwake, naye akajibu kwa kujiamini kama kawaida yake, "Kikipita kwangu huwa kinafika kinakokwenda," akatoka, na alikuja kumsimulia binti yake kwamba Kidole, aliyekuwa ameketi kwenye benchi ya nje, alimsogezea nafasi ili akae, naye hakukaa.

Kidole aliachishwa kazi Jumatano tarehe 30 Novemba 1988, akakatazwa kukanyaga maktaba, na katika toleo la Desemba, ukurasa wa pili, kati ya habari ya mapazia mapya na ya mtu aliyepata mapacha, Bi Kadi aliandika kwa agizo la wakubwa, lakini kwa mkono wake, kwamba mwenzetu wa dawati la kuazimia ameachishwa kazi kwa upotevu wa kitabu cha mimea ya dawa. Kwa wakati ule aliamini alichoandika, na tunaomba hilo liandikwe upande wake, maana upande mwingine ni mzito.

Mwaka 1999 kompyuta zilifika, ikabidi kila kitabu kitolewe rafuni, kibandikwe kile kibandiko cha mistari inayosomwa na mashine, kirudishwe, na Jumanne tarehe 17 Agosti 1999, mnamo saa tano asubuhi, marehemu akiwa ghorofa ya tatu nyuma ya nguzo na toroli lake, alitoa kitabu kikubwa kati ya vitabu vidogo vya mashairi, akaona picha ya mmea, akakigeuza mgongo, akaona ile nane yake, duara mbili zisizogusana. Wenzake walimkuta amekaa sakafuni, wakadhani ni presha, wakamletea maji, naye akasema ni joto tu. Siku kumi baadaye alikuwa na usaili wa kuwa mkuu wa sehemu ya kuorodhesha, cheo alichokisubiri miaka ishirini na sita, akajiambia kwamba atasema Jumatatu, Jumatatu ikafika akajiambia atasema baada ya usaili, akapata cheo, karatasi ya habari ikamsifu kwa umakini, na alikuwa ameiandika mwenyewe. Kitabu alikirudisha palepale bila kukibandika kitu, kwa hiyo kwenye kompyuta hakikuwapo, kwenye kadi kilikwisha kufutwa, kilikuwapo nyuma ya nguzo tu na kichwani mwake.

Tangu mwaka ule nyumba hii ilibadilika, na hapa familia inaomba radhi kwa jinsi tulivyocheka. Mama wa maktaba, aliyepanga vitabu laki mbili, hakuruhusu tena kitu chochote kikae mstari nyumbani kwake, vikombe vilirundikwa kwenye beseni, viatu vilitupwa kwenye boksi, vitabu vya watoto vililala chali kila kimoja upande wake, na wageni walitushangaa, sisi tukasema ndiyo maumbile ya watu wa kazi ile, wakifika nyumbani hawataki kuona kazi. Majirani mnaukumbuka uzio wa vyuma uliokuwa hapa mbele, na jinsi watoto wakitoka shule walivyokuwa wakipitisha kijiti juu ya vyuma vile, basi mlio ule ulimfanya atafute pa kukaa hata kama ameshika sufuria ya moto, na mwaka 2001 mume wake aliung'oa akajenga ukuta huu, akawaambia kwamba ni kwa ajili ya wezi. Mezani, watu wakila na kuongea, marehemu aliweka kijiko chini na kumuuliza mume wake polepole, "Unasikia? Anasoma," na shemeji yetu, ambaye hakuwahi kusikia chochote, alijibu, "Mwache asome, Bi mkubwa, wewe kula."

Hakukaa bila kufanya kitu. Mwaka 2000 alimwandikia Kidole barua kwa anwani ya zamani, ikarudi haijafunguliwa, akaiandika tena, ikarudi tena. Mwaka 2003 mjalidi mstaafu alimwambia kwenye foleni ya benki kwamba amesikia Kidole amefariki huko alikohamia ukweni, naye akarudi ofisini akapiga chapa tanzia ya mistari minne, akamsifu kwa upole na kwa shati lake, na hakutia sahihisho. Alimwambia binti yake kwamba siku ile alihisi kama mzigo umetua, akajichukia, na kesho yake mchana aliposikia kidole kinapita juu ya migongo ya vitabu ghorofa ya juu yake, akajua mzigo haukutua, umehamia mahali pengine.

Kila Desemba, kuanzia 1999, alipiga chapa sahihisho lilelile kwenye kikaratasi, akapanda ngazi hadi nyuma ya nguzo, akakitia kitabuni, akashuka. Alistaafu Alhamisi tarehe 31 Machi 2011, baada ya keki na hotuba akasema amesahau miwani juu, akatia kikaratasi cha kumi na tatu, na toka siku hiyo hakukanyaga maktaba, akialikwa alisingizia magoti, na hapa barazani kiti chake alikiweka kimelipa kisogo lile jengo.

Jambo linalofuata familia inalieleza kama lilivyotokea, haina maelezo ya ziada. Mwaka huohuo wa 2011, akiwa nyumbani, alianza kusema kwamba mlio sasa unakuja siku moja tu ya wiki, Jumanne, nasi tukaona ni nafuu, hata daktari alifurahi. Alisema, "Yuko chini bado, kwenye kamusi." Katikati ya mwaka 2012 alisema, "Ameanza ghorofa ya pili." Mwanawe wa kiume, mtu wa hesabu, alimwambia, "Mama, mtu aliyekufa anapandaje ngazi?" naye akamjibu, "Taratibu, kama alivyokuwa akifanya." Na katika lile daftari dogo ambalo binti yake muuguzi aliandikia presha yake kila siku, tarehe 9 Oktoba 2012, Jumanne, chini ya vipimo imeandikwa, Mama anasema kidole kimesimama. Hakikusikika tena mpaka anakufa, na ule ukimya ulimtisha kuliko mlio, akawa anakaa barazani Jumanne asubuhi mikono imeshikana magotini, mgongo kwa maktaba, na ukimuuliza unafanya nini anakwambia, "Ninajikaza."

Ugonjwa ulimwanza Septemba 2021 kwa miguu kuvimba, ikaonekana ni figo, akahudumiwa kliniki kwa miaka miwili na nusu, akalazwa tarehe 27 Mei 2024, na Jumapili tarehe 2 Juni, akili yake ikiwa timamu kabisa, alimwita binti yake mkubwa akamweleza yote haya tangu wino mweupe, akamwagiza kwamba sahihisho lisomwe msibani kwake, kwa sababu ile karatasi ya kila mwezi haitoki tena, habari za wafanyakazi siku hizi zinapita kwenye simu na hazisomwi, na msibani, alisema, watu hukaa wakasikiliza mpaka mwisho. Alifariki Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na miaka sabini na mitatu, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Ndani ya nyumba hatukukubaliana. Mwanawe alisema, "Mama yangu havuliwi nguo mbele za watu," akalia, na hakuna aliyemlaumu, na dada yake akasema, "Hajavuliwa na mtu, kaagiza mwenyewe." Basi msomaji huyu, ambaye si msomi, aliwakumbusha babu yao fundi cherehani, ambaye akikosea kipimo hakuficha mshono kwa ndani, aliifumua nguo mbele ya mwenye nguo, naye akikodoa macho, akaishona upya, na watu walimrudia. Hoja ikapita.

Juzi Jumatatu, tarehe 10 Juni, msomaji na muuguzi walikwenda maktaba wakapokewa vizuri na mkutubi mkuu wa sasa, mama kijana mwenye haraka lakini mwenye moyo, akawapitisha kwenye makochi na mashine ambazo siku hizi mtu anajiazimia kitabu mwenyewe, wakapanda hadi ghorofa ya tatu, na nyuma ya nguzo rafu ile ipo, kwa sababu lugha ile bado haina msomaji, na kitabu kilikuwepo, na mgongoni duara za ile nane zilikuwa hazigusani. Ndani tulihesabu vikaratasi kumi na vitatu vya taipureta yake, na kile cha mwisho, cha siku ya kustaafu, kina mstari wa nyongeza chini, Nikipata nguvu nitarudi kukitoa mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na cha kumi na nne.

Hicho hakikupigwa chapa, kimeandikwa kwa penseli, nyuma ya fomu ya wageni, mwandiko ulioinamia kushoto, kinasema hivi, "Tarehe 9 Oktoba 2012. Nimekiona. Nimesoma karatasi zote. Nimekiacha palepale, aliyekiweka ndiye wa kukitoa, na amesema atarudi. Sitamfuata nyumbani kwake, jambo la hapa liishie hapa. Nitakuja kila Jumanne nimngoje. Kidole." Chini yake kuna vijistari vya penseli, kimoja kwa kila Jumanne aliyofika, vimefungwa vitano vitano kama wanavyohesabu watu wa dawati, na jumla yake ni tisini na saba.

Muuguzi alikaa palepale sakafuni alipokaa mama yake. Mlinzi wa mlangoni alipoulizwa alimkumbuka mara moja, mzee mrefu, shati limepigwa pasi, aliyeanza kuja Aprili 2011 kwa kadi ya wageni, lile katazo la zamani hakuna aliyelikumbuka tena, na wageni wa nje huruhusiwa Jumanne tu, hakuazima kitabu wala hakufungua kitabu, alianza na rafu ya kwanza ya chini, anapitisha kidole, wiki inayofuata anaendelea alipoishia, na walipomuuliza anatafuta nini akasema kuna kazi aliyoiombea muda mwaka 1988, sasa muda ameupata. Alipofika ghorofa ya tatu hakuzunguka tena, alivuta kiti hadi nyuma ya nguzo, karibu na dirisha, akawa anakaa hapo mpaka kufunga, anatazama barabara.

Anwani ilikuwa kwenye fomu. Kupitia kwayo tumempata binti yake, ambaye ametukubalia kuja, na ndiye yule mama wa kitenge cha kijani aliyeketi na akina mama upande wa kulia. Yeye ametueleza kwamba mwaka 2003 aliyefariki alikuwa kaka wa baba yake, si baba yake, kwamba baba yake alirudi mjini mwishoni mwa 2010 kukaa naye, kwamba kila Jumanne alipiga pasi shati mwenyewe na akiulizwa anakwenda wapi alisema, "Nakwenda kumngoja mtu, ana magoti mabaya, ngazi zitamchukua muda," na kwamba alilala usingizi wa mwisho tarehe 11 Januari 2015, akiwa hana kinyongo, ila Jumanne ile ya mwisho alirudi akasema mtu mwenyewe anakaa ng'ambo ya barabara, kisogo chake anakiona akiwa pale dirishani.

Kwa hiyo sasa msomaji anasoma kama alivyoagizwa, maneno ni ya marehemu. "Sahihisho. Katika toleo la Desemba 1988, ukurasa wa pili, tuliandika kwamba mwenzetu wa dawati la kuazimia ameachishwa kazi kwa upotevu wa kitabu. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Kitabu hakikupotea wala hakikuibwa. Kiliwekwa rafu isiyo yake na mwandishi wa habari hizi, aliyekosea namba kwa mkono wake mwenyewe, akalijua kosa lake tarehe 17 Agosti 1999, akalificha. Mwenzetu alisema kitabu kimo humu ndani, na alisema kweli. Mwandishi anamwomba msamaha, yeye na watoto wake."

Familia inawashukuru daktari wa figo na wauguzi wa wodi ya wanawake kwa kumhudumia bila kuchoka, majirani kwa maji, viti na mabega, watumishi wa maktaba waliofunga dawati mapema ili wafike, na mkutubi mkuu, ambaye hakukigusa kitabu, amekiacha mahali pale mpaka Jumanne ijayo, tarehe 18 Juni, saa nne asubuhi, ambapo binti wa Bi Kadi atakitoa nyuma ya nguzo, na binti wa Kidole atakipokea mikononi mwake, akipeleke kinapostahili kuwa, na mwenye nafasi anakaribishwa. Na wewe mama wa kitenge cha kijani, hatuna neno la kukupa, tunakushukuru kwa kuketi na sisi.

Dada, mzigo umetua sasa, kichwa chako kilale. Yule uliyemtangaza kuwa marehemu alikuwa hai, alikuwa pale dirishani, na hakuja kukudai, alikuja kukungoja. Pumzika kwa amani, na kama mmekwisha kuonana huko, amekusogezea tena nafasi kwenye benchi, basi safari hii kaa.